Maji Yaliyolalia Upande Mmoja

Binti yangu ametaka samaki. Si mbwa, si paka, samaki. Na mimi nilipoona ombi lenyewe halina manyoya nikakubali haraka, maana kifua changu na manyoya havijawahi kupatana. Dukani, kijana aliyetuuzia tangi alitusindikiza hadi kwenye gari akirudia kwamba kabla ya kutia maji tuhakikishe limekaa sawasawa juu ya meza yake. Maji ni mazito, alisema, tangi likiinama kioo kitabeba uzito upande mmoja, na siku moja kitapasuka. Nilimwambia najua. Akanitazama vile watu wa hapa wanavyotutazama tunapojua kitu.

Meza ilikuja ndani ya boksi, vipande vipande, ya kujiungia mwenyewe. Nilipoifungua ikatoka harufu ya msonobari uliopasuliwa majuzi, na mimi mtu mzima, mwenye mume na mkopo wa nyumba, nikajikuta nimekaa sakafuni hapa Stafford, kando ya Houston, nikinusa boksi. Harufu ile ndiyo ya gereji yetu ya Carrollton kiangazi kile Baba alipotengeneza meza ya tangi. Nikampigia simu.

"Baba, mkija wikendi utanisaidia kusawazisha meza? Nimemnunulia mjukuu wako tangi la samaki."

"Mwite fundi, mwanangu."

"Kwani wewe si fundi?"

"Nilikuwa. Hebu zungumza na mama yako, huyu hapa."

Ndivyo alivyo. Ukimtajia mbao, anakupa mama yako.

Mombasa, kabla ya kuja huku Marekani, Baba alikuwa seremala wa milango na vitanda, na mtaani watu walimwita Fundi mpaka jina lake likasahaulika. Huku alikuwa mpanga maboksi katika ghala la vipuri vya magari. Aliamka alfajiri, akasali, akaenda, na baada ya adhuhuri alikuwa nyumbani amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, hana la kufanya na mikono yake. Sikumbuki akilalamika. Nakumbuka akizipapasa fanicha za watu. Tukialikwa mahali, kabla hajaketi atapitisha kiganja chini ya meza ya mwenyeji, atagonga kidogo, kisha atamtazama Mama kwa masikitiko. Mama alikuwa akimwambia njiani, "Wewe ukienda kwa watu, kaa kama watu."

Mimi nilikuwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele, na nilikuwa na pumu. Nasema hivi mapema kwa sababu pumu yangu katika nyumba ile ilikuwa na cheo. Ilikuwa na mashine yake mezani, mashine ya mvuke wa dawa, na barakoa ya plastiki yenye harufu ya ndoo mpya. Ilikuwa na dawa ya asubuhi na dawa ya jioni, na kipulizio cha kubeba shuleni. Vyote hivyo vililipiwa na bima ya kazini kwa Baba. Mama alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, kazi ya saa chache hapa na chache pale, na kazi ya namna hiyo haina bima. Neno bima nililijua kabla sijajua kusoma. Nilidhani ni mtu, mama mmoja mkubwa anayekaa ghalani kwa Baba na kututumia dawa.

Tulikuwa tumehamia Carrollton karibuni, nyumba kuukuu ya matofali ya kupanga, baada ya kuishi kwenye apatimenti Lewisville. Kiangazi kilikuwa kikali. Udongo wa uani, mweusi, ulipasuka nyufa ambazo kiganja changu kiliingia. Jirani yetu, mwanamke wa makamo aliyetupungia mkono kila siku na sisi tukampungia, alikuwa akilaza mpira wa maji wenye vitundu kando ya ukuta wa nyumba yake, maji yakajipenyeza taratibu ardhini jioni nzima. Hapakuwa na ua pale, wala jani.

"Israfu hiyo," Baba alisema. "Watu wanaumwagilia ukuta."

Mimi nilielewa kivyangu. Nilielewa kwamba Wamarekani nyumba zao wanazipanda, na kwamba yetu ni ndogo kwa kuwa hatuinyweshi. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikitoka na kikombe cha maji, nayamwaga chini ya dirisha la sebule, halafu narudi nyuma kutazama kama imerefuka.

Bwana Khelef aliingia maishani mwetu kupitia msikitini. Alikuwa Mzanzibari mwenye karakana ya makabati ya jikoni kule Lewisville, mtu mnene, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata Ijumaa. Alikuwa anatafuta seremala. Baba alimwambia ana miaka hajashika randa. Bwana Khelef akamwambia, "Ujuzi hauzeeki, bwana," na Baba alirudi nyumbani akaikariri sentensi hiyo kwa Mama akiwa bado hajavua viatu.

Lakini Bwana Khelef alikuwa na desturi yake. Hakumwuliza seremala vyeti wala hadithi. Alimpa tangi kuukuu la samaki na kumwambia alitengenezee meza nyumbani kwake, alijaze maji, kisha yeye atakuja kunywa kahawa na kutazama. Maji yakiwa sawa na ukingo wa kioo pande zote, Jumatatu aje kazini. "Mimi sijui kumwuliza mtu maswali," alisema. "Yatamwuliza maji." Na alikuwa mkweli, kwa sababu alimwambia Baba papo hapo: kazi ipo, na ni kazi ya kudumu, lakini karakana yake ni ndogo na bima hana.

Hiyo ndiyo sentensi iliyoleta maneno nyumbani. Wazazi wangu hawakuwa watu wa kupandishiana sauti. Waligombana kwa adabu, jikoni, kila mmoja akiwa ameshika kitu cha kufuta.

"Na bima je?" Mama aliuliza.

"Mungu yupo."

"Mungu yupo, na pumu ipo."

"Tutatafuta bima nyingine. Watu wanazo za kujilipia."

"Watu gani? Nionyeshe mmoja." Mama alifuta sahani iliyokwisha kukauka. "Usiache mbachao kwa msala upitao, bwana. Nakwambia hilo tu, sitakwambia tena."

"Mbacha wangu umenichubua magoti," Baba alisema, na akatoka kwenda gerejini.

Na kweli Mama hakumwambia tena. Nilisubiri, kwa sababu nilizoea kwamba jambo kwetu husemwa mpaka lichakae, lakini hili lilisemwa mara moja likanyamaziwa. Nilidhani Mama amekubali.

Gerejini sikuruhusiwa kuingia kwa ajili ya vumbi. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni na kutazama kupitia mlango uliowekwa wazi kiasi cha uso wangu. Baba alikuwa amelitoa randa lake kwenye kanga aliyolifungia tangu Mombasa. Alilitia makali juu ya jiwe, akayajaribu kwa vinyweleo vya mkono, kisha akaanza. Sauti ya randa lililotoka kunolewa juu ya msonobari sijui kuieleza. Ni kama mtu anayesema "shii" kwa mtoto, tena na tena. Maranda yalimwangukia miguuni, mepesi, ya rangi ya siagi, na joto la gereji likaiinua harufu mpaka jikoni. Baba alikuwa akipiga mluzi. Mama yangu aliyekuwa akikatakata vitunguu aliacha kisu, akasikiliza, akaendelea. Baadaye nilijua kwamba mluzi ule hakuwa ameusikia tangu waondoke kwao.

Meza ilitoka nzuri. Nasema hivyo bila upendeleo, na kama ni upendeleo basi na uwe. Haikuwa na msumari hata mmoja, viungo vyote vya kuchomekana, na kingo zake alizilainisha mpaka ukipitisha mkono hujui ubao umeisha wapi. Miguu aliipima kwa tepu, akaipima tena, yote sawa. Akaiweka sebuleni chini ya dirisha, mgongo wake ukutani, akaitwisha tangi, akalijaza maji kwa mpira wa bustani uliopitishwa dirishani. Samaki tungewanunua Bwana Khelef akishapita. Baba alisema mtu hafanyi mtihani na wageni ndani ya nyumba.

Maji yakatulia. Upande wa dirishani yalikaribia ukingo. Upande wetu, wa kochi, yalikuwa chini zaidi.

Baba alichuchumaa akatazama kwa jicho moja. Akasema ni zulia, lina sifongo, linabonyea. Akamwaga maji yote, akakata zulia pembe nne pale miguu inaposimama, Mama akitazama bila neno, akajaza upya. Yale yale. Akaichukua tepu akaipima miguu. Sawa. Akasimama na tepu mkononi, anatazama tepu, anatazama maji, kama mtu aliyeletewa mashahidi wawili wa kuaminika wanaosema tofauti. Sakafuni hakutazama. Mtu aliyekulia Mombasa, juu ya mwamba wa matumbawe, katika nyumba za mawe zilizokuwapo kabla ya babu zake, sakafu kwake ndipo kipimo kinapoanzia. Huwezi kuishuku, kama usivyoshuku kaskazini.

"Nimekosea mahali," alisema mwishowe. "Mikono imeota kutu."

Basi akaipunguza miguu ya mbele, kidogo kidogo, randa likisema shii fupi fupi. Jioni ya siku ya pili maji yalikuwa sawa. Nakumbuka aliweka kidole kwenye kioo, usawa wa maji, akakipitisha polepole kutoka pembe moja hadi nyingine, kisha akaniita nami nifanye hivyo. Kidole changu kilipita bila kupanda wala kushuka. Baba alicheka kwa furaha. Alimpigia Bwana Khelef, akamwambia aje Jumapili baada ya alasiri.

Jumamosi asubuhi Mama alisimama mbele ya tangi na kikombe cha chai. Jua lilikuwa limeingia dirishani, maji yanameta, dari nzima inacheza vivuli. Kilikuwa kitu cha kupendeza. Mama alikitazama kwa muda mrefu.

"Hapa jua linalipiga sana," alisema. "Maji yatageuka kijani, samaki watakufa. Lihamishieni ule ukuta mwingine."

"Leo?"

"Utamwonyesha mgeni wako mahali ambapo halitakaa? Lihamishe leo likae pake."

Ilikuwa hoja nzuri, na Baba siku hiyo alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hana ubishi. Akayatoa maji, akaibeba meza na jirani wa upande wa pili, wakaiweka kwenye ukuta unaokabili dirisha, mgongo ukutani, uso wake ukitazama dirishani. Akajaza. Mimi nilikuwa nimekaa kochini, na kochi lilikuwa limegeuzwa ili lilitazame tangi.

Safari hii hukuhitaji kufunga jicho moja. Maji yalikuwa yamelalia upande wa mbele, yamepanda karibu na ukingo, na nyuma yameacha kioo kikavu kipana. Yalinijia mimi. Hilo ndilo nililolielewa: yalikuwa yananiegemea mimi pale kochini, kwa sababu nilikuwa nimeyapenda. Nikahama nikakaa kiti cha pembeni kuona kama yatanifuata. Hayakunifuata, na nikaona aibu kidogo, kama mtu aliyepunga mkono akidhani anapungiwa.

Baba alizunguka meza. Aligusa mguu mmoja, akagusa mwingine. Kisha akaketi sakafuni, akainua viganja vyake viwili mbele ya uso akavitazama, mbele na nyuma. Hakuvitazama kwa hasira. Alivitazama kama daktari anavyotazama mikono ya mtu mwingine.

"Jana yalikuwa sawa," nilimwambia.

"Jana nilibahatisha."

Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni. Nilimwona akifungua mdomo. Kisha akarudi ndani, na nikasikia bomba la maji likifunguliwa na kuachwa.

Baba alimpigia Bwana Khelef akiwa palepale chini. Alimwambia asijisumbue kesho. Bwana Khelef lazima aliuliza kitu, maana Baba alijibu, "Hapana, afya njema, alhamdulillahi. Ni mikono tu. Mikono haipo tena." Akashukuru, akaomba radhi kwa usumbufu, akakata simu. Halafu akaenda gerejini, akalifunga randa kwenye kanga yake.

Tangi lilirudi kwa mwenyewe. Meza ilibaki pale ukutani, imeinamia mbele, Mama akaiwekea picha na mitungi ya maua ya plastiki, na kila mtungi ulikuwa na kipande cha kadibodi chini yake usiteleze. Baba aliendelea ghalani mpaka mgongo ulipomstaafisha. Nyumbani hakugonga tena msumari. Bawaba ikilegea, fundi aliitwa. Mimi nilikua, kifua changu kikatulia kwa ile dawa ya asubuhi na ile ya jioni, nikasoma, nikaolewa, nikahamia huku Houston. Na miaka yote hiyo nilimjua baba yangu kuwa ni mtu aliyewahi kuwa hodari wa kitu kikamtoka. Nilimhurumia. Kwa kweli, nilipokuwa msichana, nilimdharau kidogo pia.

Wikendi walikuja, wote wawili, kwa gari, Mama akilalamikia barabara kuu njia nzima kama kawaida yake. Mume wangu alikuwa ameiunga ile meza ya kwenye boksi na kuiweka sebuleni. Akaweka pimamaji juu yake, kile kijiti cha mafundi chenye kitone cha hewa ndani ya maji, na kitone kikakimbilia upande mmoja. Binti yangu akasema, "Babu, it's leaning," yaani meza imeinama, na babu yake akasema eti hajui mambo hayo, akaomba gazeti.

Mimi na Mama tulikuwa jikoni. Alikuwa anapika mkate wa kumimina, ule mkate wetu wa mchele na nazi unaomiminwa kwenye sufuria rojorojo na kuachwa uumuke. Kabla ya kuutia kwenye oveni alichuchumaa, akaweka kipande cha kadibodi iliyokunjwa chini ya mguu wa jiko langu.

"Mama, unafanya nini?"

"Mkate utatoka mnene huku na mwembamba huku. Nyumba za watu hawa zinalala." Alisema hivyo kama mtu anayesema sukari imekwisha. "Ile ya Carrollton ilikuwa mbaya zaidi. Wiki ya kwanza tu mkate ulinitokea kama ngazi."

Nilikuwa natwanga iliki. Nikaacha. Ukubwani nilikuja kuelewa habari ya udongo ule mweusi, kwamba ukikauka hunywea na nyumba huenda nao, na kwamba yule jirani alikuwa akinywesha msingi wake usizame. Lakini sikuwahi kuunganisha. Nilikuwa nimeliweka jambo la udongo mahali pake na jambo la Baba mahali pake.

"Ulijua sakafu imelala," nilimwambia. "Wiki ya kwanza."

Mama akafuta mikono kwenye kanga yake kiunoni, mkono wa kulia, kisha wa kushoto.

"Mara ya kwanza nilinyamaza tu," alisema. "Nikasema, Mwenyezi Mungu mwenyewe kaamua. Kisha akaipunguza miguu, ikawa sawa, na yule Khelef anakuja. Nikajua ikigeuzwa itazidi." Alitazama mlango. "Ulikuwa umelazwa hospitali mwezi mmoja kabla yake. Hukumbuki. Midomo yako ilikuwa ya buluu. Nilimvunja mume wangu mikono ili wewe upumue, na kila siku naomba msamaha, na sijapata kumwomba yeye."

Sikumkumbatia. Niliona uchungu mkubwa, na sikujua niuelekeze kwa nani: kwake, au kwa kifua changu mwenyewe kilichokuwa kinapumua vizuri kabisa pale jikoni. Nilimwacha nikaenda sebuleni. Nilikuwa nimeamua kumwambia Baba. Mtu ana haki ya mikono yake.

Nilimkuta amepiga magoti. Mume wangu na mtoto walikuwa wametoka uani. Baba alikuwa ameichukua pimamaji na kuiweka chini, sakafuni, mbali na meza, anatazama kitone, na kipande cha mbao alichokichonga kabari kiko kando ya goti lake.

"Baba," nilisema, "ile meza ya Carrollton haikuwa na kosa. Ilikuwa sakafu."

"Najua," alisema, hakugeuka.

Nilikaa kwenye mkono wa kochi.

"Nilijua Jumatatu yake," alisema. "Nilikuwa napanga maboksi, nikasimama katikati ya ghala kama mjinga. Ukigeuza kitu nyuma mbele na kosa likawa maradufu, kosa si la kitu. Hata mwanagenzi analijua hilo." Akaihamisha pimamaji shubiri moja. "Nikaja nyumbani mbio kubadili shati niende kwa Khelef. Ufunguo wa gari mkononi. Wewe ulikuwa kochini na mashine yako usoni, mama yako amekushika mgongo. Hakuniangalia. Ndipo nikajiuliza, lile jua lingemdhuru nani? Tangi halikuwa na samaki."

Alicheka kidogo, puani.

"Nikaurudisha ufunguo. Nikavua shati."

"Ulijuta?"

"Sana," alisema, bila kusita, kana kwamba nimemwuliza kama amekula. "Kwani wadhani kupanga maboksi ni kazi?"

Nilisikia vikombe vikigongana. Mama alikuwa mlangoni na sinia ya chai, na kwa namna alivyosimama nilijua kwamba hakuwa amefika sasa hivi.

"Ulijua," alisema.

"Eeh."

"Muda wote huu. Fundi akija kufunga bawaba, mimi naingia chooni nalia, na wewe umekaa na gazeti lako unajua."

"Ningeshika nyundo ungejua kwamba najua."

"Na ungeniambia ingekuwaje?" Sauti ya Mama ilikuwa ndogo. "Mimi ni mtu wa kuambiwa."

Baba aliiacha pimamaji aliyokuwa ameishika. Akageuka sasa, akamtazama.

"Ningekwambia, ungesema nenda," alisema. "Na mimi ningekwenda."

Nje, binti yangu alikuwa akimwita baba yake aone kitu kwenye nyasi. Mama aliiweka sinia chini, palepale zuliani, chai ikamwagika kidogo na hakuipangusa. Baba alimwambia ainue upande ule wa meza, kidogo tu, asiumie mgongo. Mama akapiga magoti, akainua, na Baba akaisukuma kabari chini ya mguu.